Mapine ya motokari ya sport: soma ubavu mbele ya kutosha franga

Ku mugodi, pine ya kamio ya benne iko na watu wake. Kuko mwenye kupima upepo mbele posti ianze, kuko mwenye kuandika masaa yake mu kitabu, na kuko mwenye kusimamisha kamio akiona mukato ku ubavu. Kamio ya tani 100, sawa Caterpillar 777, inatembea juu ya mapine ya kipimo 27.00 R49. Mutu murefu akisimama kando yake, kichwa chake hakifike juu. Kila mutu wa kazi anajua kama pine ile ikipasuka inaweza kuua, na shofere hapandi mbele ya kuizunguka na macho.

Mutu ule ule akimaliza posti anavua kaske, anaingia mu motokari yake mwenyewe, anapandisha bibi na watoto, na anashika barabara ya Lubumbashi juu ya mapine ambayo hakuna mutu aliyaangalia tangu siku yalinunuliwa. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300. Kuko makamio ya kobalti na ya aside mbele na nyuma, kuko mashimo, na wakati wa mvua kuko maji juu ya lami. Kama pine inachoka, hapo njo itachokea.

Leo tunazungumuza juu ya wale wenye motokari za mbio, kwa sababu njo wao wanadanganywa mingi zaidi wakati wa kubadilisha mapine. Motokari nyingi za usukani wa kuume zinafika kwetu kutoka Japani, zikipitia bandari ya Dar es Salaam, kisha Zambia, kisha Kasumbalesa. Kati yao kuko zile vijana wa mugodi wanapenda: za chini, zenye janti kubwa na pine nyembamba. Mufano wetu utakuwa Toyota Altezza RS200. Ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, iko na injini ya litre 2, inasukuma na magurudumu ya nyuma, na ilitoka ku kiwanda na mapine ya 215/45 R17. Mwenye Mark X ao BMW anaweza kufuata pia, kwa sababu maneno ni yale yale; namba tu njo zinabadilika.

Kwanza tukumbuke pine inafanya kazi gani. Altezza iko na uzito wa karibu kilo 1,350. Uzito ule wote unagusa barabara mu sehemu ine tu, na kila sehemu iko na ukubwa karibu wa kiganja cha mukono. Nguvu yote ya injini inapita pale. Freni yote inapita pale. Ukikata kona, ni viganja vile vine vinakushika usiende mu pori. Unaweza kuweka freni mupya, amortisere mupya na injini ya ajabu, lakini kama viganja vile havishiki, franga yako yote ya garaji imepotea bure.

Namba ziko zinasema nini

Muuzaji anapanga mapine yake kando ya barabara, amepakaza sirage, yanangaa sawa viatu vya harusi. Anaita: “Papa, hii ya Ulaya, inapita mupya!” Usijibu kwanza. Inama, usome ubavu. Kila kitu kimeandikwa pale.

215/45 R17 87W. Namba 215 ni upana wa pine kwa milimeta. Namba 45 ni urefu wa ubavu, si kwa milimeta, ni kwa mia ya upana. Mia kwa mia ya 215 ni 215. Arobaini na tano kwa mia ni karibu milimeta 97. Ni kusema kati ya janti yako na shimo la barabara kuko mupira wa sentimeta 10 tu, na hata haifike. Herufi R ni radiali, aina ya kutengeneza ambayo Michelin iliandikisha mu 1946 na leo iko karibu ku motokari zote ndogo. Namba 17 ni upana wa janti kutoka pembe mpaka pembe, kwa pusi.

Kisha kuko 87. Watu wengi wanairuka, na hiyo njo ya hatari. 87 si kilo 87. Ni namba ya kuangalia mu liste, na mu liste 87 ni kilo 545 kwa pine moja. 91 ni kilo 615. 94 ni kilo 670. Mu motokari yenye watu watano, mufuko wa unga, mufuko wa makala na bidoni mbili za mafuta, uzito unapanda haraka, na nyuma njo kunabeba zaidi. Usikubali kamwe namba ya chini ya ile motokari ilikuja nayo. Ya juu, ndiyo. Ya chini, hapana, hata muuzaji apunguze bei namna gani. Pine nyingine zimeandikwa XL: hizo zimekazwa ili zibebe zaidi ya zile za kawaida za kipimo kile kile.

Herufi ya mwisho ni ya mbio. T ni kilometa 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Mutu atauliza: “Nani anatembea 270 kati ya Likasi na Fungurume?” Hakuna, na haiombe mutu ajaribu. Lakini herufi ile inasema pia pine inavumilia joto namna gani, maana mbio inaleta joto, na joto njo linaua pine. Ku mugodi wanaipima na TKPH, tani-kilometa kwa saa: wanachukua uzito pine inabeba, wanazidisha na mbio yake, na wakipita kiasi, pine inaiva ndani na kuachana. Pine ya Altezza inafuata sheria ile ile. Uzito mingi pamoja na mbio mingi pamoja na jua la mwezi wa kumi, na ndani ya mupira kunakuwa jiko.

Pine iko na siku yake ya kuzaliwa

Tafuta neno DOT. Nyuma yake kuko herufi na namba, na ku mwisho kuko namba ine. Mufano: 3217. Maana yake ni juma la 32 la mwaka 2017. Ukikuta namba tatu tu, weka pine chini na uende, kwa sababu ni ya mbele ya mwaka 2000.

Juu ya nini umri ni wa lazima, hata pine ikiwa bado na meno mingi? Kwa sababu mupira unakauka. Jua, hewa na joto vinaukamata polepole, unakuwa mugumu sawa soli ya kiatu cha zamani. Unaanza kupasuka mistari midogo midogo ku ubavu. Pine ya vile inaonekana muzuri mu duka, lakini ku kona, mu mvua, haikamati. Viwanda vingi vinasema hivi: kisha miaka 5, mufundi aiangalie kila mwaka, ikifika miaka 10, itoke, hata kama meno yake bado. Uingereza, tangu Februari 2021, imekataza mapine ya zaidi ya miaka 10 ku magurudumu ya mbele ya makamio na mabasi.

Vijana wengi wanamujua Paul Walker, mwenye kucheza mu filme za motokari za mbio. Alikufa tarehe 30 Novemba 2013 kule California, mu Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake, ambaye alikufa naye. Wachunguzi wa polisi walisema motokari ilikuwa inatembea kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa, mahali pa 72. Mbio njo ilikuwa sababu ya kwanza. Lakini waliandika neno lingine pia: mapine ya Porsche ile yalikuwa na umri wa kupita miaka 9. Motokari ya farasi zaidi ya 600, ya bei ya nyumba nyingi, juu ya mapine ya kuzeeka. Mwenye nayo hakukosa franga ya kununua mengine. Kwa hiyo tusiseme kama ni ugonjwa wa masikini tu.

Pine ya baridi mu inchi ya jua

Kuko mutego mwingine ambao watu wengi hawaujui. Kule Ulaya na Japani kuko teluji. Watu wa kule wako na mapine ya aina mbili: ya wakati wa joto na ya wakati wa baridi. Ya baridi imetengenezwa na mupira laini, ili usikauke hewa ikishuka chini ya digri 7. Kwetu, hata asubuhi ya mwezi wa sita, barabara haikai mu baridi ya vile siku nzima. Na mu mwezi wa tisa na wa kumi lami inachoma muguu. Mupira ule laini unaisha haraka, motokari inayumba ku kona sawa mutu wa kulewa, na freni inaomba nafasi ndefu kupita kawaida.

Utaijua namna gani? Angalia picha ya mulima wenye vilele vitatu na nyota ya teluji ndani yake, ku ubavu. Kwa zile za Japani, tafuta neno STUDLESS. Tazama tena meno: kama kila jino limekatwa mistari midogo mingi ya kupindapinda, sawa mukate wa kukatwakatwa, unaweza kuwa nayo mukononi. Zinauzwa kwetu kwa bei nzuri, na meno yake ni marefu, kwa hiyo mununuzi anafurahi. Motokari nyingine za Japani zinafika nazo tayari. Kama yako ilifika vile, hesabu mapema franga ya kubadilisha.

Hesabu ya okazio

Hatusemi kama kila pine ya okazio ni mbaya. Tunajua mushahara unaishia wapi: minerval, nyumba, muzazi mu kijiji, muganga. Lakini tupige hesabu pamoja, tuone nani anapata.

Pine mupya iko na meno ya karibu milimeta 8. Mu Ulaya sheria inasema meno yakifika milimeta 1.6, pine itoke. Ni kusema pine mupya iko na milimeta 6.4 za kutumia. Wewe unanunua okazio yenye milimeta 3. Mbele ya kufika 1.6, iko na milimeta 1.4 tu. Gawa: ni pungufu ya robo ya maisha ya pine mupya. Kama muuzaji anakuuliza nusu ya bei ya mupya, umelipa nusu juu ya kupata pungufu ya robo. Masikini njo analipa bei kubwa, kwa kila kilometa. Na ile milimeta 1.4 ya mwisho njo ya hatari zaidi mu mvua, kwa sababu meno mafupi hayawezi tena kufukuza maji. Maji yanaingia chini ya pine, inaelea sawa pirogi, na usukani unakuwa mwepesi mu mikono yako. Hapo freni haisaidie.

Kupima hakuombe mashini. Chukua kijiti cha alumeti, kisimamishe ndani ya mufereji wa meno, weka alama na kucha, kisha pima na late ya mutoto wa masomo. Pima mahali tatu: ndani, katikati na inje. Angalia tena ndani ya mufereji: kuko vinundu vidogo vya mupira, vyenye alama TWI ku ubavu. Meno yakishuka mpaka usawa wa kinundu, pine imekufa.

Kama ni lazima okazio, basi kuko mambo ine ya kukataa pale pale.

La kwanza, uvimbe ku ubavu, hata mudogo sawa harage. Uvimbe ni kusema nyuzi za ndani zimekatika, ni mupira peke yake unashika upepo. Haitengenezwi.

La pili, kiraka ku ubavu. Mu sehemu ya kukanyaga, tundu dogo la musumari linaweza kuzibwa muzuri kutoka ndani. Ku ubavu, hapana, kwa sababu ubavu unajikunja kila muzunguko.

La tatu, meno ya kukatwa na kisu cha moto. Kuko wenye kuchukua pine iliyoisha na kuchonga mifereji mupya. Pine za kamio zenye kuandikwa REGROOVABLE zimefanyiwa hivyo, ziko na mupira wa akiba. Pine ya motokari ndogo haina. Ukichonga, unafikia karibu na waya. Utaona mufereji hauna kinundu cha TWI ndani: kisu kimekitosha. Hapo usibishane, uende.

La ine, pine iliyotembea bila upepo. Haionekane inje. Omba wakufungulie uangalie ndani. Ukikuta unga mweusi wa mupira, ao mustari wa kusuguliwa wenye kuzunguka ubavu wote, pine ile ilitembea chini na nyuzi zake zimechomeka. Muuzaji akikataa kukuonyesha ndani, amekujibu.

Sport ya namna gani, kwa barabara gani?

Sasa tuseme uko na franga ya mapine mupya. Ku duka utaambiwa “sport” kwa kila kitu. Lakini kuko ngazi.

Juu kabisa kuko pine karibu ya mashindano, meno machache, mupira laini sana. Mu jua inakamata sawa gundi. Mu mvua ni mwisho, na inaisha mu miezi kidogo. Hiyo haina kazi kwetu.

Chini yake kuko sport ya barabara. Michelin inaiita Pilot Sport, Bridgestone inaiita Potenza, Pirelli inaiita P Zero, na kila moja iko na aina zake. Hizo zinakamata muzuri mu jua na mu mvua, lakini ubavu wake ni mwepesi, haupende mashimo.

Kisha kuko pine ya safari, ya kipimo kile kile, yenye mupira mugumu kidogo na maisha marefu. Kona itakuwa si ya ajabu, lakini pine itakaa zaidi. Kwa mutu wa Kolwezi mwenye kwenda Lubumbashi mara mbili kwa mwezi na watoto nyuma, sisi tunaona hiyo njo ya akili.

Kulinganisha, soma maneno matatu ambayo sheria ya Marekani inaomba yaandikwe, na ambayo utayakuta ku mapine mengi. TREADWEAR ni namba ya maisha: 200 ni laini, 400 inapashwa kukaa mara mbili ya 200. Lakini kila kiwanda kinajipa namba chenyewe, kwa hiyo linganisha kati ya mapine ya kiwanda kimoja. TRACTION ni kushika lami yenye maji wakati wa freni: AA ni ya kwanza, kisha A, B na C. TEMPERATURE ni kuvumilia joto: A, B ao C. Kwa jua letu na safari ndefu, chukua A ku TEMPERATURE, na A ao AA ku TRACTION.

Kuko tena swali la janti. Wengi wanapenda kupanda: kutoka 17 kwenda 18, ubavu unakuwa mwembamba zaidi. Mu picha ni muzuri. Mu shimo, janti inagonga lami moja kwa moja, inapinda, nyuzi za ubavu zinakatika, na uvimbe unatokea kisha siku mbili. Sisi tunasema kinyume: kwa barabara zetu, fikiri kushuka. Pine ya 205/55 R16 iko na ubavu wa karibu milimeta 113, pahali pa 97. Urefu wote wa gurudumu unakuwa milimeta 632, na ule wa 215/45 R17 ni 625. Tofauti ni milimeta 7 tu, konteri ya mbio haidanganye sana. Umepata sentimeta moja na nusu ya mupira zaidi kati yako na shimo, na kwa kawaida pine ya 16 inauzwa bei ya chini kupita ya 17. Mbele ya kununua, mufundi ajaribu kwanza janti moja, aone kama inapita juu ya freni bila kugusa.

Mbili ao ine?

Kama franga inatosha, badilisha yote ine pamoja. Kama haitoshi, badilisha mbili za ekseli moja, za aina moja, za meno sawa. Usiweke kamwe pine ya kuume ya aina hii na ya kushoto ya aina ile ku ekseli moja. Siku ya freni ya nguvu motokari itavuta upande.

Mapine mbili mupya yaende wapi? Watu wengi wanasema mbele, kwa sababu usukani uko mbele. Viwanda vinasema nyuma, na kuko sababu. Mbele ikiteleza, utaisikia ku usukani, utapunguza, motokari itarudi. Nyuma ikiteleza, motokari inageuka, na shofere wa kawaida hawezi kuirudisha. Kwa Altezza yenye kusukuma na nyuma, neno hilo liko na uzito mara mbili.

Wakati wa kuvalisha, angalia mushale. Pine nyingine zimeandikwa ROTATION: mushale ufuate njia ya kuenda mbele. Nyingine zimeandikwa OUTSIDE: upande huo ukae inje. Kwado mwenye haraka anaweza kuikosea, na mu mvua mifereji itasukuma maji vibaya. Simama pale, uangalie mpaka mwisho. Kisha omba balansi na paralelisme, la sivyo pine mupya italiwa upande mumoja mu miezi michache.

Upepo

Pine nzuri bila upepo wa kutosha ni pine mbaya. Upepo ukipunguka, ubavu unajikunja mingi, unapata joto, nyuzi zinaachana, na siku moja ku mbio ya 100 inapasuka. Wengi wanasema: “Tupunguze upepo juu ya joto.” Ni uongo wenye kuua. Upepo mudogo njo unaleta joto.

Kipimo cha kweli kiko ku kibandiko, kwa kawaida ku mulango wa shofere. Motokari za Japani zinaandika kPa: 220 kPa ni bari 2.2. Namba ya MAX PRESS ku ubavu wa pine si ile ya kujaza. Ni mupaka wa mwisho. Pima asubuhi, pine ikiwa baridi, mbele ya kutembea. Kila digri 10 za joto zinaongeza ao kupunguza karibu bari 0.1, kwa hiyo ulichopima mu jua la mwezi wa kumi, ukipime tena baridi ya mwezi wa sita ikiingia. Motokari ikijaa watu na mizigo, ongeza kama kibandiko kinavyosema. Na pine ya akiba, ile ya nyuma mu kofa, iko na umri pia. Isome DOT yake.

Tunawaambia wamama pia, kwa sababu mara mingi njo wao wanashika franga ya nyumba. Papa akiomba franga ya mapine, usiulize bei tu. Muulize: ya mwaka gani? Inabeba kilo ngapi? Ni ya joto ao ya baridi? Milimeta ngapi za meno? Umeiona ndani? Kama hawezi kujibu mambo hayo matano, franga ibaki mu nyumba kwanza. Arudi ku duka na karatasi, aandike, kisha mukae pamoja. Watoto watakaa ku kiti cha nyuma, na uzito wao pia unabebwa na vile viganja vine.